Mchezo wa Mtoto na Daftari la Mwangalizi

Katika kituo cha watoto waliokimbia vita, daftari linaloshikwa kuliko yote ni la mahudhurio: jina, umri, mahali mtoto alikotoka, kisha alama ya siku aliyofika. Mwisho wa mwezi alama hujumlishwa na hesabu hupelekwa kwa mfadhili, kwamba watoto kadhaa wamecheza mpira, wameruka kamba, wamechora na kuimba. Hesabu hiyo ina kazi yake. Lakini haiwezi kueleza kama msichana aliyefika kutoka mji wa Oicha akishtuka usiku sasa analala hadi asubuhi, wala kama mvulana aliyekuwa akijibanza ukutani amepata wa kucheza naye. Nashikilia kwamba hapa Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, mchezo unastahili kuitwa tiba pale tu mwangalizi anapojua anamchezesha mtoto huyu kwa lengo gani, na ana njia ya kuona kama lengo limefikiwa. Njia hiyo haiji kutoka ng'ambo ikiwa tayari. Sharti watafiti na waangalizi waitengeneze pamoja.

Tiba kwa michezo na burudani ni taaluma kamili katika nchi nyingine. Marekani ina chombo cha kitaifa cha kuwathibitisha wataalamu wake tangu mwaka 1981, na kazi yao hufuata hatua nne: kumpima mtu kwanza, kupanga, kutekeleza, kisha kumpima tena. Kwetu kazi hiyo hufanywa zaidi na watu wasio na cheo hicho: waangalizi wa watoto, wahudumu wa kisaikolojia wanaojulikana kama APS, walimu, vijana wa parokia. Na mzigo wao ni mzito. Mauaji ya raia katika eneo la Beni yamekuwa yakirudi tangu Oktoba 2014. Kisha ikaja Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, ikiacha wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Wako watoto waliopitia yote mawili, na wengi wao wanayemwona wa kwanza ni mwangalizi mwenye mpira na kamba.

Je, mpira na kamba vinaponya? Utafiti wa jirani zetu wa Uganda unatulazimisha kujibu kwa uangalifu. Mwaka 2007 Paul Bolton na wenzake walichapisha jaribio la vijana 314 wa kambi mbili za waliokimbia vita karibu na Gulu. Kundi moja lilikaa katika vikao vya kuzungumzia mahusiano yao na watu, la pili lilipewa michezo ya ubunifu, la tatu likasubiri zamu. Vikao vilipunguza huzuni kubwa, hasa kwa wasichana. Michezo ya ubunifu haikuonyesha tofauti na kusubiri. Miaka saba baadaye, Justin Richards na wenzake walichapisha matokeo ya ligi ya mpira ya wiki 11, hapo hapo Gulu. Wavulana walioingia katika ligi walionekana kuzidiwa na huzuni na wasiwasi kuliko wenzao waliosubiri. Matokeo haya yanauma, kwa sababu ligi ya mpira ndiyo jambo la kwanza tunalolifikiria tukiwaona wavulana hawana la kufanya. Ilikuwa ligi ya ushindani, na kwa maoni yangu hapo ndipo pa kutazama: mtoto ambaye vita vimemwonyesha kwamba hana nguvu, akifungwa Jumamosi hadi Jumamosi au akiachwa benchi, tunampa nini?

Hata hivyo, atakayesoma habari hizo na kufunga viwanja atakuwa amesoma nusu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen's cha Belfast, wakiwemo Paul O'Callaghan na John McMullen, walichapisha majaribio mawili yaliyofanyika mjini Beni, moja la wasichana 52 waliodhulumiwa kingono na jingine la wavulana 50, baadhi yao waliowahi kuwa askari watoto. Vikao vya tiba ya kiwewe vilikuwa 15, vya kikundi, vikifuata mpango ulioandikwa na kurekebishwa kwa mazingira ya hapa. Dalili za kiwewe zilishuka sana, na miezi mitatu baadaye nafuu ilikuwa bado ipo. Mwaka 2015 watafiti hao walitoa jaribio dogo la vijana 50 wa Kongo, wakilinganisha tiba ya kukabili kumbukumbu za vita na shughuli za nafasi rafiki kwa watoto, ambako mchezo una sehemu kubwa. Makundi yote mawili yalipata nafuu, bila tofauti kubwa kati yao. Na huko Rwamwanja, Uganda, ambako watoto wa Kongo walikimbilia mwaka 2012, wale waliohudhuria nafasi kama hizo zenye ubora walionekana kuwa na hali njema zaidi miezi michache baadaye. Mwaka mmoja na nusu ulipopita, tofauti hiyo haikuonekana tena. Nikiyaweka haya yote pamoja, naona jina la shughuli linatuambia machache mno. Mchezo ule ule ukipangwa vizuri husaidia, ukipangwa ovyo huenda ukaumiza, na msaada wake huisha usipofuatiliwa. Mwangalizi asiyepima hawezi kujua yuko wapi kati ya hayo matatu.

Watakuwepo wa kusema kwamba mtoto ana haki ya kucheza, imeandikwa katika ibara ya 31 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, na haki haidai ushahidi. Nakubali kabisa. Mtoto na acheze hata kama mchezo haumtibu chochote. Ila tukimwambia mama kwamba kituo kitamtibu mwanawe aliyeacha kusema, tumetoka kwenye haki na kuingia kwenye ahadi, na ahadi hiyo inaweza kumchelewesha mtoto kufika kwa daktari au mwanasaikolojia.

Wengine watasema hakuna nafasi ya kupima katikati ya dharura. Miji hii yenyewe inajibu. Wakati wa Ebola, mtu aliyegusana na mgonjwa alipaswa kufuatiliwa kwa siku 21, termoflashi ikielekezwa kwenye paji la uso na joto kuandikwa siku baada ya siku, hata baada ya vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo kushambuliwa Februari 2019. Kando ya kituo cha matibabu cha Beni, na baadaye Butembo, walifunguliwa chekechea watoto waliotenganishwa na wazazi wagonjwa. Waliowabeba, kuwalisha na kuwabembeleza ni washindi wa Ebola, watu waliopona na ambao miili yao ilikuwa na kinga. Mikono iliyokuwa ikimtuliza mtoto ilikuwa ndani ya mfumo uliojua kuandika joto kila siku. Kuandika mistari minne kuhusu usingizi, chakula, machozi na wenzake wa kucheza si kazi nzito kuliko hiyo.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la watu waliochoshwa na maswali. Uchunguzi uliofanyika Beni na Butembo Septemba 2018 kwa watu wazima 961 ulikuta kwamba wasiozidi theluthi moja waliwaamini viongozi wa hapa. Mahali penye imani ndogo hivyo, fomu ya mgeni inayojazwa na kuondoka huongeza shaka, na fomu iliyotafsiriwa tu huuliza hata yasiyoeleweka. Bolton hakuanza na fomu. Kipimo cha Gulu kilijengwa juu ya majina ambayo Waacholi wenyewe huyapa maumivu ya moyo, kama vile par na kumu, na dalili walizozitaja kwa vinywa vyao. Hapa kazi kama hiyo ingefaa kuanzia kwa mabibi wa Butembo na waangalizi wa Beni: kwa Kinande na kwa Kiswahili chetu, mtoto aliyeacha kucheza anaitwaje, na mnajuaje kwamba amerudi? Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Katoliki cha Graben au wa Chuo Kikuu cha Kikristo cha Lugha Mbili cha Kongo (UCBC) anaweza kuifanya kazi hiyo kwa kalamu na subira. Majibu yakirudi kituoni, daftari la mahudhurio litapata ukurasa wa pili kwa kila mtoto. Na mwangalizi akiona kwamba wiki sita zimepita na msichana wa Oicha bado hajalala, atajua kwamba kamba peke yake haimtoshi, na kwamba siku hiyo hiyo anapaswa kumtafutia mtu mwingine wa kumsaidia.