Kupima Ukuaji wa Elimu: Hesabu Iliyotoka Zizini

Alama 60 anazoleta mtoto nyumbani mwisho wa mwaka hazimwelezi mzazi mengi, maadamu hajui mtoto huyo aliuanza mwaka akiwa na ngapi. Kwani aliyepanda kutoka 30 amefunzwa jambo, na aliyeporomoka kutoka 90 amefikwa na jambo, ilhali katika karatasi ya matokeo wawili hao ni sawasawa. Kwa ajili ya kuiondoa kasoro hiyo wataalamu wa takwimu walibuni kanuni za kupima ukuaji, ambazo humlinganisha mwanafunzi na hali yake ya jana kabla ya kumlinganisha na mwenziwe.

Kanuni iliyovuma kuliko zote ilitoka mahali walimu wasipopatazamia. William Sanders, mtaalamu wa takwimu wa Chuo Kikuu cha Tennessee nchini Marekani, alikuwa akishughulika na hesabu za kilimo na mifugo, na humo alizizoea kanuni za Charles Henderson wa Chuo Kikuu cha Cornell, zilizotumika kukadiria ubora wa fahali kutokana na maziwa ya majike wa uzao wake, waliotawanyika katika mazizi yenye malisho na matunzo mbalimbali. Fahali mwenyewe hakamuliwi; thamani yake hudhihirika kwa wengine tu. Sanders akaona mwalimu naye yumo katika hali iyo hiyo, na mwaka 1992 kanuni yake ikaingizwa katika sheria ya elimu ya jimbo la Tennessee.

Hesabu yenyewe hukusanya alama za kila mtoto za miaka kadhaa na za masomo mbalimbali, ikakisia kutokana nazo alama anayotazamiwa kuipata mwaka huu, kisha ikaitazama aliyoipata kweli. Na tofauti hizo, zikichukuliwa kwa darasa zima, ndizo zinazokadiriwa kuwa athari ya mwalimu. Na kwa kuwa darasa la watoto wanane laweza kupanda au kushuka kwa bahati tu, huyu kaamka na homa na yule kabahatisha majibu, mwalimu mwenye wanafunzi wachache huvutwa kuelekea wastani wa walimu wote, ilhali mwenye mamia huachwa karibu na matokeo yake mwenyewe. Hii, kwa maoni yangu, ndiyo insafu kubwa iliyomo katika kanuni hii: hujizuia kusema sana pale ushahidi ulipo haba.

Walakini watoto hawagawiwi madarasa kwa kura. Mwaka 2010 Jesse Rothstein, mwanauchumi, alizichukua takwimu za shule za North Carolina akauliza swali la ajabu: je, mwalimu wa darasa la tano ana athari juu ya maendeleo ya mtoto katika darasa la nne? Hesabu ikajibu kwamba anayo. Nani awezaye kumfunza mtoto kabla hajakutana naye? Maana yake ni kwamba mkono uliowapanga watoto kwa walimu uliyatazama matokeo yao ya nyuma, na mtoto aliyepaa mwaka jana kwa bahati aghalabu hushuka mwaka unaofuata, hata angefundishwa na nani, kisha lawama ikamwangukia aliyempokea. Wako wataalamu waliompinga Rothstein kuhusu ukubwa wa kasoro hii, na mjadala haukwisha. Lakini mwaka 2014 Jumuiya ya Wanatakwimu ya Marekani ilieleza kuwa tafiti nyingi zinaihesabu sehemu ya walimu katika tofauti za alama kuwa kati ya asilimia 1 na 14 tu.

Huko Houston, Texas, hesabu ya aina hii ilitumiwa kuamua riziki za watu, na walimu walipotaka kuihakiki wakaambiwa kwamba undani wake ni siri ya kampuni iliyoiandaa hesabu hiyo. Wakaenda mahakamani; Mei 2017 hakimu wa serikali kuu akaamua kwamba dai lao la kunyimwa haki ya kujitetea lastahili kusikilizwa, na kabla mwaka haujaisha wilaya ile ya shule ikakubali kutomfukuza mwalimu kazi kwa alama asiyoweza kuihakiki.