Kabla ya Kubadilisha Siagi, Tazama Kazi Yake

Anayepika kwa kufuata mapishi ya Ulaya au Marekani hukumbana haraka na vitu vya maziwa vyenye bei ya kuvunja moyo: siagi, krimu nzito, jibini laini. Wengi hutafuta kitu cha bei nafuu kinachofanana navyo kwa rangi, wakatia, kisha wakashangaa keki imedumaa. Hasara hapo ni kubwa, kwa sababu unga, mayai, sukari na gesi vyote vimekwenda na maji. Kosa haliko katika kutafuta unafuu. Liko katika kuchagua mbadala kwa sura. Bidhaa za maziwa ni mchanganyiko wa vitu vichache: maji, mafuta, protini, sukari ya maziwa na, zikishachachuka, asidi. Mpishi akijua ni kipi kati ya hivyo kinachofanya kazi katika pishi lake, anaweza kukipata mahali pengine kwa bei ndogo.

Tuanze na asidi. Mapishi mengi ya pankeki na keki hutaka maziwa yaliyochachuka, kwa kuwa asidi yake ikikutana na bekingi soda hutoa gesi inayoinua donge. Kazi hiyo mtindi, au mala kama wasemavyo Kenya, huifanya barabara. Usipokuwa nao, tia kijiko kimoja cha chakula cha maji ya limau au siki katika kikombe cha maziwa, uache kwa dakika 10. Ukitia maziwa matupu pamoja na soda, keki haitapanda vizuri na itabaki na ladha ya magadi. Afadhali utumie bekingi pauda, ambayo imekwisha kuchanganywa na asidi yake. Mtindi huohuo ukichujwa kwa kitambaa safi ndani ya friji usiku kucha hugeuka mzito, ukafaa kupaka mahali pa jibini laini. Maji yanayochuruzika usiyamwage: kandia unga wa chapati au mkate.

Kwenye mafuta ndipo pesa nyingi hupotea. Siagi ina mafuta kama asilimia 80, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni maji. Samli ni mafuta karibu matupu. Kwa hiyo gramu 250 za siagi hulingana na gramu 200 za samli pamoja na vijiko vitatu vya maziwa. Majarini nayo isomwe lebo. Mafuta ya kupaka mkate yenye asilimia 40 ya mafuta yana maji zaidi ya nusu, na bei yake ndogo ni ya maji hayo. Tazama nankatai: humumunyika mdomoni kwa sababu samli haiupi unga maji ya kuushikamanisha. Ukitumia mafuta mepesi ya kupaka, unga hunywa maji, hushikana, na biskuti hutoka ngumu. Keki ya ndizi au ya karoti, kwa upande wake, huridhika na mafuta ya alizeti, kwa kuwa haihitaji siagi iliyopigwa na sukari ili kubeba hewa.

Wapo watakaosema kwamba ladha ya siagi haina mbadala. Ni kweli, na ndiyo maana siagi iwekwe pale ulimi unapoitambua: katika biskuti zenye unga, sukari na siagi tu. Ndani ya keki iliyojaa iliki au kakao, ni wachache watakaotambua tofauti. Krimu ya kupiga hadi isimame nayo isiigizwe kwa maziwa, kwani huhitaji mafuta yapatayo asilimia 30. Lakini kama ni ya kuongeza uzito wa mchuzi, mtindi mzito uliotiwa mwishoni, moto ukiwa mdogo, unatosha.

Hoja nzito zaidi ni ya lishe. Mbadala unaofanya kazi vizuri katika donge si lazima ulishe sawasawa. Tui hunogesha mahamri, lakini halimpi mtoto protini na kalsiamu anazozipata katika maziwa. Baadhi ya poda za kutia kwenye chai au kahawa, zinazopangwa rafu moja na maziwa ya unga, zimetengenezwa kwa mafuta ya mimea na sukari. Maziwa halisi ya unga ni jambo jingine: gramu 130 hivi hutoa lita moja, na unaweza kuchanganya kikombe kimoja tu unachokihitaji, pasipo kuharibika kitu. Basi unafuu utafutwe ndani ya keki, na kikombe cha mtoto kibaki na maziwa yake kamili. Jiko linalobana matumizi kwa mpango huo halimnyimi mtu chochote.