Je, Wajua? Friji Huongeza Joto Garini

Friji haitengenezi baridi, huhamisha joto. Joto linalotolewa kwenye maji na maziwa, pamoja na lile la umeme unaotumika, hutoka nje kupitia kondensa. Ndani ya kanopi ya pikapu iliyofungwa, joto hilo huizunguka friji yenyewe, kompresa haipumziki na betri huisha mapema.

Kati ya Lodwar na Kakuma, huko Turkana, Kenya, mwendo wa kilomita 120 hivi, mchana mara nyingi hufika nyuzi 35 za Selsiasi au zaidi. Dawa ni matundu mawili kwenye kanopi: la chini liingize hewa, la juu upande wa pili liitoe, feni ndogo ikisaidia. Turkana upepo hupenda kuvuma kutoka kusini-mashariki, basi ukiegesha gari, elekeza huko tundu la chini, ukiliwekea chujio la vumbi.