Donjons et Dragons: kitabu kipya kimefika, lakini muchimbaji iko wapi?

Siku ile tulikuwa Manika, hapa Kolwezi, tunafanya formasio ya badelege bapya ba sindika. Tulifanya sawa vile tunafanyaka kila mwaka: mumoya anakuwa patroni, mwengine mukubwa wa personele, batatu banakuwa badelege, na tunabishana juu ya mushahara sawa vile ni kweli. Mu Kifaransa ile kazi tunaiitaka jeu de rôle. Mutoto wa ndugu yetu, mwanafunzi wa iniversite, alipita, akacheka: « Babaa, kumbe na beye munachezaka muchezo yetu? »

Tukamwambia aikale, atuelezee. Muchezo wake unaitwa Donjons et Dragons. Batu bane ao batano banazunguka meza. Mumoya anaongoza hadisi. Kila mwengine anakamata mutu mumoya wa ile hadisi, anasema mu kinywa chake, anaamua atafanya nini. Jambo likiwa na hatari, anatupa dadu yenye sura 20. Namba ikiwa ndogo, ameanguka. Na hakuna mwenye anashinda mwenzake. Banapona pamoja ao banaanguka pamoja. Lile neno la mwisho lilituingia sisi ba sindika.

Bazee batasema ni mambo ya bazungu. Lakini bakumbuke kikundi cha Mufwankolo ya Lubumbashi. Bale babaigizaji habakusomaka teksti ya kuandikwa. Balipatanaka njia ya hadisi, kiisha kila mutu alijitafutia maneno mu Kiswahili chetu. Meza ya huyu mutoto ni ndugu ya ile jukwaa.

Muchezo ulitoka Marekani mu mwaka wa 1974, na Gary Gygax pamoja na Dave Arneson. Leo ni mali ya Wizards of the Coast, kampuni ya Hasbro. Juu ya miaka 50 yake, balitosha vitabu bitatu bipya: cha bachezaji mu Septemba 2024, cha muongozi mu Novemba 2024, na cha banyama ba kutisha mu Februari 2025. Sisi tunakaribisha hii edisio mupya, na tutasema juu ya nini.

Ya kwanza, ni mambo ya kuzaliwa. Mu kitabu cha 2014 kila mutu alipataka nyongeza ya nguvu, ya akili ao ya wepesi kufuatana na mbegu yake. Benyewe baliandika race. Mu kitabu cha 2024 lile neno limetoka, na ile nyongeza inatoka sasa mu maisha na kazi yenye mutu alifanya mbele hadisi ianze: mulimaji, fundi, askari, muchuuzi.

Mutu wa fasi ingine anaweza kuona ni kintu kidogo. Sisi hapana. Mu 1992 na 1993 tulikuwa batoto. Tuliona majirani yetu benye asili ya Kasai banalala ku stasio ya treni na mizigo yao, juu balibauliza paka neno moya: mulitoka wapi? Hakuna mutu alibauliza: munajua kazi gani? Na hata leo, ku mulango wa kazi fulani fulani, lile ulizo la kwanza halijakufa. Kitabu cha muchezo hakitaliua. Lakini kijana mwenye amejizoesha ku meza kupima mutu na kazi yake, tunamutaka mu sindika.

Ya pili, ni mambo ya umoja. Tangu 2000 kampuni ilikuwa inaruhusu batu bengine batumie kanuni za musingi kwa kutunga vitabu byao. Mu Januari 2023 habari ilivuja kama inataka kubadilisha ile ruhusa na kukaza masharti. Bachezaji balikasirika, bengi bakakata abonema yao ya intaneti. Tarehe 27 ya mwezi ule ule kampuni ikarudi nyuma, ikaacha kanuni za musingi wazi kwa dunia yote. Habakuvunja kioo hata kimoya: baligusa kesi ya feza, bote pamoja. Mu Aprili 2025 kanuni za musingi za edisio mupya zikaachwa wazi vilevile. Ni faida kwetu, juu kitabu cha bachezaji peke yake ni dola 49,99 kule Marekani.

Sasa lawama yetu. Kitabu kinahesabu maisha 16 ya mbele ya hadisi. Kuko mwanabahari, kuko mwandishi, kuko hata mwizi. Muchimbaji haiko! Lakini batu bafupi ba mulima, bale nain, banapewa uwezo wa kusikia ndani ya jiwe vile vinatembea mbali, juu tu balizaliwa vile. Bazee ba Kamoto, kule chini, balijua kusikiliza jiwe, na hakuna mumoya wao alizaliwa na ile akili. Ilibalipisha miaka, na bengine vidole.

Kwa bahati, kitabu cha muongozi kinaruhusu kutunga maisha mapya. Basi tuliandika Muchimbaji mu kayé ya masomo: nguvu, uvumilivu, busara, chombo chake, nyundo. Dadu ya sura 20 hatukuwa nayo. Tulikata karatasi 20, tukaziandika namba, tukazitia mu kikopo.

Mama mumoya delege, mwenye hakusemaka kitu mu mikutano, alikuwa mukubwa wa kijiji. Alisimama mbele ya dragoni, akauliza: « Hii zahabu, ulikamata ku nani? » Tulicheka sana. Juma lililofuata, mu mukutano wa kweli, ni yeye wa kwanza kunyoosha mukono, akauliza juu ya masaa ya zaidi yenye hayakuandikwa ku fishi ya malipo.

Kitabu cha kanuni kikibadilika, mwenye hakukisoma ndiye analipa. Kode ya migodi ya 2002 ilibadilishwa tarehe 9 Machi 2018. Tangu pale kampuni za migodi zinapashwa kutoa angalau 0,3 % ya mapato ya mauzo yao kwa maendeleo ya vijiji vya jirani. Kijana mwenye anasoma kurasa 384 za muchezo na kukamata kosa la muongozi, atashindwa namna gani kusoma ile kode?

Basi bazazi, mukiona batoto banazunguka meza na kikopo cha karatasi, musibafukuze. Muikale nao. Na muulize nani anacheza Muchimbaji.