Ubaridi Unaotangulia Mvua Ziwani

Wavuvi wa ndagala wa Rumonge, ambao huvua usiku kwa taa, wanafahamu kwamba upepo wa baridi hutangulia mvua ya radi. Ubaridi huo hutoka wapi, ilhali maji ya juu ya Ziwa Tanganyika yana joto la nyuzi 25 hivi za Selsiasi?

Matone yaangukayo kutoka wingu la radi hupita katika hewa kavu zaidi. Baadhi yake hugeuka mvuke, na kugeuka huko huchukua joto la hewa, kama jasho lipozavyo ngozi. Hewa iliyopoa huwa nzito, hushuka kwa kasi na kutawanyika juu ya maji. Baharini huwa vivyo hivyo.

Basi tufundishapo neno "mvuke", tusiishie kwenye fasili. Kwa mvuvi, ubaridi huo ni onyo: arudi ufukoni kabla mawimbi hayajapanda.