Anachopenda na Anachochukia Mfanyakazi: Somo la Kiwandani kwa Askari

Alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya Ziwa Kivu, askari wa zamu hupokezana lindo katika mpaka unaotenganisha Gisenyi na Goma. Anayeondoka humkabidhi mwenzake redio ya mawasiliano, humtakia zamu njema, kisha huenda zake kupumzika. Chombo hicho kidogo hupita mikononi mwa watu wengi, na pengine uhai wa kikosi kizima hutegemea sauti inayotoka ndani yake. Lakini ni nani kati yetu aliyepata kujiuliza habari za mikono ya kwanza kukishika, yaani mikono ya mfanyakazi aliyeziunganisha nyaya zake kiwandani? Je, aliipenda kazi yake? Au aliifanya kwa kinyongo?

Swali hili si la mzaha. Kiwanda kikubwa cha vyombo vya elektroniki na kikosi cha askari vinafanana kuliko wengi wanavyodhani. Vyote viwili hukusanya watu wengi chini ya paa moja, huwapangia zamu, huwapa vyeo na sare, na huwataka wafanye jambo lile lile siku nenda siku rudi bila kosa. Wakazi wa Gisenyi wanaifahamu vema hali hiyo, kwa kuwa kiwanda cha bia cha Bralirwa, kilichoanzishwa mwaka 1957, kimewalea vijana wengi wa mji huu katika maisha ya zamu. Kuhusu elektroniki zenyewe, Oktoba 2019 kampuni ya Mara ilifungua kiwanda chake cha simu za mkononi mjini Kigali.

Basi yafaa tujifunze kutoka kwa waliotutangulia katika kazi hiyo.

WATU ELFU ISHIRINI WAULIZWA

Karibu na jiji la Chicago, nchini Marekani, palikuwa na kiwanda kilichoitwa Hawthorne, mali ya kampuni ya Western Electric. Humo zilitengenezwa simu na mitambo yake, na katika miaka ya 1920 maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi waliingia na kutoka malangoni mwake kila siku. Wakuu wake walitaka kujua ni kitu gani kinachomfanya mtu afanye kazi vizuri zaidi. Kuanzia mwaka 1924 walijaribu kuongeza na kupunguza mwanga wa taa. Mwaka 1927 wakawatenga wanawake wachache waliokuwa wakiunganisha relei, yaani kijidude cha kufunga na kufungua mkondo wa umeme katika mitambo ya simu. Wakawapa vipindi vya kupumzika, wakawafupishia saa za kazi, na ujira wao ukahesabiwa kwa kikundi chao kidogo.

Kazi ikaongezeka. Ajabu ni kwamba hata nafuu hizo zilipoondolewa kwa muda, kazi haikurudi chini kama ilivyotarajiwa. Wataalamu wanaendelea kubishana juu ya sababu. Wengine husema wanawake wale walichangamka kwa kuwa walionwa na kusikilizwa. Wengine hujibu kwamba tusiusahau ujira, kwani mtu hali sifa. Naona pande zote mbili zina haki yake.

Lililo kubwa zaidi lilifuata kati ya mwaka 1928 na 1930. Kampuni iliwahoji wafanyakazi zaidi ya 20,000, ikitaka kila mmoja aseme anachopenda na anachochukia katika kazi yake, katika mazingira ya kazi, na kwa msimamizi wake. Mwanzoni wahojaji walikuja na maswali yaliyopangwa. Baadaye wakagundua kwamba mfanyakazi hujibu swali kwa adabu, kisha huanza kuzungumza jambo jingine kabisa, nalo ndilo linalomkera. Basi wakaweka karatasi chini, wakamwacha azungumze. Mazungumzo ya nusu saa yakawa ya saa nzima na zaidi. Wakafahamu kwamba lalamiko la mdomoni na kidonda cha moyoni si lazima viwe kitu kimoja.

MAHARAGE NA LIKIZO

Niruhusu, ndugu msomaji, nitoe ushahidi wangu mwenyewe. Nilipotoka chuo cha maofisa nikiwa luteni usu, nilipewa askari niwaongoze katika kikosi ambacho sina haja ya kukitaja. Haukupita mwezi, malalamiko yakanifikia kwamba maharage hayaivi. Nikaenda jikoni mwenyewe, nikamkaripia mpishi, maharage yakaiva. Malalamiko hayakwisha. Sasa ikawa chumvi imezidi, kesho mboga imechacha.

Siku moja sajini mmoja mzee, mtu mpole, akaniambia, “Afande, hapana mwenye shida na maharage. Kuna koplo aliyeomba ruhusa akamzike mama yake. Ombi lake limelala mezani kwako siku sita.” Nikatazama, nikalikuta chini ya rundo la karatasi. Mazishi yalikuwa yamekwisha. Koplo hakusema neno, nami nilitamani anitukane. Kikosi kizima kilijua habari ile isipokuwa mimi. Walipolalamika juu ya chungu, walikuwa wakinililia juu ya kaburi.

Tangu siku hiyo, jambo la maharage likiletwa kwangu, huuliza kwanza habari za nyumbani.

KAMPUNI ILIYOIMBA ASUBUHI

Mfano wa pili unatoka Japani, na sehemu yake umefika Afrika Mashariki. Konosuke Matsushita alianzisha kampuni yake mjini Osaka mwaka 1918. Katika miaka ya 1960 kampuni hiyo ilifungua kiwanda Dar es Salaam, na betri zake za alama ya National zikawa rafiki wa kila mwenye redio na tochi vijijini.

Mwishoni mwa mwaka 1929 uchumi wa dunia ulipoanguka, ghala za Matsushita zilijaa mali isiyonunuliwa. Washauri wake walitaka apunguze nusu ya wafanyakazi. Akakataa. Aliamuru utengenezaji upunguzwe kwa nusu, kiwanda kifanye kazi nusu siku, lakini mshahara ulipwe kamili na asifukuzwe hata mmoja. Aliwaomba tu wasaidie kuuza mali iliyolundikana. Wakatoka hata siku za mapumziko, na baada ya miezi michache ghala zikawa tupu. Kuanzia mwaka 1933 wafanyakazi wake walikutana kila asubuhi, wakasoma kwa pamoja kanuni za kampuni na kuimba wimbo wake. Askari yeyote aliyesimama mstarini wakati bendera inapanda anafahamu jambo hilo humfanyia mtu nini.

Hata hivyo tusiipake sukari habari hiyo. Nchi hiyo ya Japani ndiyo iliyolipatia ulimwengu neno karoshi, maana yake kifo kiletwacho na kazi kupita kiasi. Nayo kampuni ya Matsushita, iliyosifiwa kwa kutomwacha mtu, mwaka 2001 iliwafungulia maelfu ya wafanyakazi wake mlango wa kustaafu mapema. Wimbo wa asubuhi ni mzuri, lakini haulishi familia ya aliyeondoka.

DHARAU NA UPENDELEO

Huko Tanzania, mwaka 1971 chama cha TANU kilitoa Mwongozo. Kifungu chake cha 15 kilimkataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Katika miaka iliyofuata wafanyakazi wa viwanda mbalimbali waliweka zana chini mara kwa mara, na mara nyingi hoja yao haikuwa fedha peke yake. Walisema meneja anawatukana na kuwadharau. Kazi ngumu waliivumilia, lakini matusi waliyakataa.

Na kama yupo anayedhani kwamba mambo haya ni ya raia tu, na amwangalie askari wa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Wataalamu wakiongozwa na Samuel Stouffer waliwauliza maswali askari zaidi ya nusu milioni, na matokeo yakachapishwa mwaka 1949. Wakakuta kwamba katika jeshi la anga vyeo vilipatikana upesi, na katika polisi wa jeshi vyeo vilipatikana kwa shida. Ungetarajia polisi ndio walalamike zaidi. Kumbe walioridhika zaidi na mpango wa vyeo walikuwa wao! Polisi alipotazama kulia na kushoto aliwaona wenzake wako pale pale alipo yeye. Askari wa anga aliyebaki nyuma aliwaona wenzake wakipanda kila siku, akajiuliza, “Mimi nimekosa nini?”

Maana yake ni kwamba mtu huipima haki yake kwa kumtazama aliye karibu naye. Orodha ya zamu ikimrudisha mtu yule yule lindo la usiku kila Jumapili, wakati mwingine analala, hapo ndipo moyo wa kazi unapokufa. Zamu ya usiku ikigawiwa sawa, baridi ya Gisenyi huvumilika.

MKUU NAYE ASIKIE

Haya si maneno ya kulegeza nidhamu. Amri ni amri, na lindo haliachwi kwa sababu mtu ana huzuni. Wala simwambii askari kwamba kila ombi lazima likubaliwe. Ninachosema ni kwamba kila ombi lijibiwe, nalo lijibiwe mapema. “Hapana” iliyoelezwa kwa heshima haimuumizi mtu kama karatasi iliyolala mezani. Ujira ulipwe siku yake, zamu na vyeo vigawiwe kwa haki, na anayesema asikilizwe mpaka mwisho. Askari naye ana wajibu wake: aseme kilicho moyoni kwa njia ya utaratibu, asikifiche ndani ya chungu cha maharage.

Tangu kuruti tumefundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni methali ya kweli. Lakini mkuu asiyesikia la askari huvunja miguu ya kikosi kizima, na siku ya mwendo ndipo atakapojua. Kesho alfajiri, redio itakapobadilisha mikono pale mpakani, kiongozi wa zamu asiulize tu kama betri imejaa. Amuulize na anayeipokea kama kwao ni kwema, kisha asubiri jibu.