Nauli, Ruzuku na Majina ya Magari ya Abiria

Mwenye kutaka kujua watu wa Dar es Salaam wanaonaje habari ya usafiri wao, na nani apaswaye kuugharimia, asianze na hotuba za wakubwa. Na aanze na majina waliyoyapa magari. Majina hayo hayakutungwa na kamati yo yote, yalizuka vituoni.

Lililo mashuhuri ni daladala. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, lililoanzishwa mwaka 1974, lilikuwa mali ya umma. Nauli yake ilizuiwa isipande, lakini fedha ya mabasi mapya na vipuri haikutosha, hata abiria wakazidi nafasi. Mwaka 1983 Serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi. Nauli ikawa shilingi 5, na shilingi 5 kwa desturi ya zamani iliitwa dala. Konda akainadi mara mbili mbili, gari likapata jina. Nairobi nako mambo yalikuwa vivyo hivyo: matatu ni vile vipande vitatu vya senti kumi kumi, nauli ya siku za mwanzo. Nauli zimepanda mara nyingi tangu hapo, na majina hayakubadilika. Katika miji yote miwili gari liliitwa kwa bei yake, si kwa umbo wala mwendo wake.

Neno zito kuliko hayo, ambalo abiria hulisikia kwa nadra, ni hesabu. Hesabu ni kiasi cha fedha ambacho dereva humpelekea mwenye gari kila siku. Kinachobaki baada ya mafuta ndicho ujira wake na wa konda. Kwa hiyo hesabu isipotimia, dereva hukatisha ruti, hupakia watu hata mlango usifungike, na humkimbia mwanafunzi, kwa kuwa mwanafunzi hulipa nauli pungufu na pengo lake halifidiwi na mtu. Lawama humwangukia konda, na ukali wake kwa watoto hautetewi. Lakini nafuu iliyotolewa na Serikali imelipwa kwa mfuko wa konda.

Hapo ndipo kilipo kiini cha shauri. Nauli ni neno la baharini, lililotoka kwa Waarabu, nao walilipata kwa Wayunani. Ni malipo ya chombo. Asiyepanda halipi. Ruzuku asili yake ni moja na riziki, kitu apewacho mtu. Wako waonao kwamba usafiri wa mji ni jambo la nauli tupu. Wengine husema kwamba mwenye duka Kariakoo na mwajiri wa Posta hufaidika na gari wasilolipanda, hivyo nao wachangie kwa njia ya kodi. Hoja ya pili ina nguvu zaidi, ila neno ruzuku haliisaidii, kwa jinsi linavyonukia sadaka.

Mwaka 2016, mabasi yaendayo haraka yalipoanza kati ya Kimara na Kivukoni, watu waliyaita mwendokasi. Jina hili halikutaja bei. Lilitaja ahadi, na ahadi hudaiwa. Njia zake zilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ambao ni deni la umma mzima, lakini mabasi yalitarajiwa kujiendesha kwa nauli. Nauli iliyoombwa na mwendeshaji ilionekana kubwa mno, ikapunguzwa hata shilingi 650 kwa njia kuu. Ilikuwa nafuu ya kweli kwa mchuuzi na kibarua; walakini mpango haukuwa na ruzuku ya uendeshaji. Karakana ya Jangwani, iliyo bondeni mwa Msimbazi, ikaingiwa na mafuriko zaidi ya mara moja, mabasi yakaharibika, na misongamano ya Kimara asubuhi ikawa mazoea.

Wenye haraka huteremka wakatafuta bodaboda, kwa malipo yaishindayo nauli ya basi mara kadhaa. Nao ni abiria wale wale wasemwao kila mara kwamba hawawezi kuongeza hata shilingi mia.